Risala ya Waongoza Watalii na Manahodha wa Kilindoni kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya ya Mafia. Wazee wetu, wavuvi wenzetu na wageni waalikwa. Itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kufika hapa ufukweni, tunapopakia wageni kila alfajiri msimu wa papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, unapoingia, kuanzia Oktoba.

Ndugu Mgeni Rasmi, wazee wetu walimjua potwe kwa ukubwa wake. Leo tunaweza kumjua mmoja mmoja. Madoa meupe yaliyo nyuma ya matamvua yake hayafanani na ya mwenziwe. Anapigwa picha ubavuni, programu ya kompyuta inapima nafasi kati ya doa na doa, kisha inatambua kama alishawahi kuonekana hapa. Hesabu ya programu hiyo ilibuniwa kwanza kwa kulinganisha nyota za angani. Na vipokea sauti vilivyozamishwa baharini, vinavyonasa mlio wa kifaa anachobandikwa potwe, vimeonyesha kwamba potwe wengi hawahami msimu ukiisha. Husogea mbali na ufuko na kushuka kina kirefu. Kumbe tuliyemdhania mpita njia ni mkazi mwenzetu.

Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995, lakini maji haya ya Kilindoni wanakokusanyika potwe yako nje ya mipaka yake. Kwa hiyo nidhamu ya sisi manahodha ni sehemu kubwa ya ulinzi wao. Msimu uliopita tulishuhudia potwe mmoja akizongwa na boti saba. Alipiga mkia mara moja, akazama, na wageni wote wakarudi bila kumwona. Tangu siku hiyo tunapeana zamu kwa kundi la WhatsApp: anayemwona anatuma mahali alipo, wengine wanasubiri mbali. Mtandao ukikatika, zamu nayo inavunjika.

Tunaomba redio za mawasiliano kwa kila boti, kamera mbili za majini, na kompyuta ya kutunzia picha hapa hapa Kilindoni, kwa Kiswahili. Picha nyingi hupigwa kutoka kwenye boti zetu, zikaondoka na wageni. Tunaomba pia wavuvi wa dagaa wafundishwe pamoja nasi, maana ndio wanaokutana na potwe usiku, akiingia wavuni wakashusha nyavu ili atoke. Waliyoyaona hayajaandikwa popote.

Ndugu Mgeni Rasmi, boti ipo tayari. Maji yakijaa, tunakuomba utoke nasi ukamwone.

Tunaomba kuwasilisha.