Tunasaini tusichokielewa

Mhariri, habari za kazi.

Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi ila gazeti naliazima kwa fundi cherehani hapa stendi Korogwe, nalipata jioni likiwa limeshaloa mafuta ya vitumbua, kwa hiyo kama hili mlishaliandika likanipita mnisamehe bure.

Naandika kwa ajili ya mama mdogo. Alikuwa na uvimbe kwenye kizazi, damu inatoka mpaka siku kumi na mbili kwa mwezi, viganja vimekuwa vyeupe kama unga, tukampeleka hospitali (jina siitaji, sitaki ugomvi na wala sidhani kama daktari alikuwa na nia mbaya). Saa tatu usiku nesi kaja na karatasi, kauliza ndugu wa mgonjwa nani, nikanyoosha mkono, akasema saini hapa chini penye alama ya kalamu, na mama mdogo naye aweke dole gumba. Karatasi yote kizungu. Mi nimefika form six, nimesoma HGL (historia, jiografia na lugha), na nakumbuka kabisa kulikuwa na neno moja refu linaanzia na h nikaliruka kama mtu anavyoruka dimbwi la maji, nikasaini. Wino wa zambarau ukamkaa mama mdogo kidoleni siku mbili.

Baada ya miezi mitatu akaniita jikoni, anapepeta mchele, hata hakunitazama, akaniuliza hivi mwanangu mbona siku zangu sizioni. Kumbe walitoa kizazi chote. Inawezekana ndo ilikuwa njia pekee ya kumuokoa, kwa damu ile sibishi. Ila yeye hakuambiwa, na mi niliyepelekwa shule kwa pesa ya maharage yake ndo niliyesaini.

Sasa kinachoniuma zaidi ni hiki. Hapa hapa Korogwe, na kule Bagamoyo, kuanzia 2009 mpaka 2014 kulikuwa na majaribio ya chanjo ya malaria, ile RTS,S, watoto zaidi ya 15,000 kwenye nchi 7 za Afrika. Mtoto wa dada yangu alikuwemo. Dada hakumaliza la nne, lakini alisomewa fomu kwa Kiswahili, kila aya mtu anasimama anamuuliza umeelewa nini, akaambiwa nenda nyumbani kaongee na mumeo, akaambiwa ukitaka kumtoa mtoto siku yoyote ruksa na matibabu yake yataendelea, ndo akaweka dole gumba mbele ya shahidi asiyekuwa mtu wa mradi. Dada mpaka leo anakuelezea ile chanjo vizuri kuliko mimi. Kwa hiyo inawezekana! Ukiwa kwenye utafiti unasomewa kwa lugha yako, ukiwa mgonjwa wa kawaida unaonyeshwa tu pa kusaini, hivi hii imekaaje?

Mi ni katibu wa kikoba cha akina mama wa mtaani kwetu (wananiita mwanaume wa daftari), na kuna nesi mstaafu mwanachama mwenzetu, tukamuomba kila Jumamosi tukishahesabu hisa atupe nusu saa. Siku ya kwanza akatusimulia habari ya Tuskegee, Alabama, kule Marekani. Mwaka 1932 serikali ilichukua wanaume weusi, wengi wao wakulima maskini, 399 kati yao wana kaswende, wakaambiwa mna damu mbaya tunawatibu, kumbe wanaangaliwa tu ugonjwa unavyowala, na hata penisilini ilipojulikana inatibu kaswende miaka ya arobaini hawakupewa, mchezo ukaendelea mpaka magazeti yalipoufichua 1972. Miaka 40! Kikoba kizima kimya, mama mmoja akasema taratibu, damu mbaya hata mimi niliwahi kuambiwa. Nesi akasema ndo maana siku hizi kuna ridhaa, na ridhaa sio saini, ni wewe kuweza kurudia kwa mdomo wako utafanyiwa nini, kwa nini, kuna hatari gani na kuna njia gani nyingine. Nikatazama chini mi.

Mhariri, nyie ndo mngeweza kuwa yule nesi kwa watu wengi. Ila habari zenu za afya, samahani, robo tatu ni mgeni rasmi na wadau na kongamano, picha ya mtu anakata utepe. Mwaka 2024 chanjo ya HPV ilipokuja kwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 mpaka 14, huku mtaani watu walishapata sauti za WhatsApp kwamba inawafunga watoto kizazi, sauti yenyewe ya dakika mbili, Kiswahili kitamu kinaeleweka, na jibu la kueleza kwamba inakinga saratani ya mlango wa kizazi lilikuja kwa lugha ya ofisini, nani alisome? Uongo unaongea kama jirani, ukweli unaongea kama barua ya halmashauri.

Ombi langu nusu ukurasa tu kwa wiki. Chukueni fomu moja ya hospitali, itafsirini neno kwa neno, wekeni na maswali ambayo mgonjwa ana haki ya kuuliza kabla ya kusaini, maandishi makubwa ili wazee wasomewe na wajukuu. Wiki nyingine upimaji wa saratani ya mlango wa kizazi kwa siki, wiki nyingine kuchangia damu au figo. Msiogope kwamba ni rahisi sana, wenye digrii nao watasoma kimyakimya, nawajua.

Sisi huku tunaendelea na nusu saa yetu. Maswali naandika mi nyuma ya daftari la hisa, na la Jumamosi hii mama mdogo ndo wa kwanza kwenye listi, kaniambia niweke jina tu, swali atalisema mwenyewe.

Mwanaume wa daftari,
Korogwe