Mtoto wa Hemingway naye atajwe

Mhariri, salamu kutoka Malindi. Naomba nafasi kwa ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni tangu mwaka jana.

Sisi tunaotembeza wageni huku, mgeni akiuliza tu habari za kuvua sulisuli na nduwaro lazima aambiwe kuhusu Ernest Hemingway, yule mwandishi wa riwaya wa Marekani, ati alikuja 1934 akavua hapa, na pale Watamu kuna hoteli ina jina lake, stori inaishia hapo. Ni kweli alikuja, sikatai. Lakini yule alipita tu. Mwanawe Patrick ndiye alikaa Afrika Mashariki karibu miaka 25, na alipofariki Septemba 2025 kule Montana, Marekani, akiwa na miaka 97, hapa Malindi sikusikia mtu akimtaja.

Huyu bwana maisha yake yaliandikwa na babake hata kabla hajajua kutembea. Alizaliwa 1928 Kansas City, mamake Pauline akapata uchungu mrefu mpaka akapasuliwa, na baba akalichukua lile tukio akaenda kumalizia nalo riwaya ya A Farewell to Arms, isipokuwa kwenye kitabu mama na mtoto wote wanakufa. Hebu fikiria ukue ukijua dunia nzima imesoma kuzaliwa kwako na humo ndani wewe uko maiti! Mimi hilo huniumiza kila nikilikumbuka.

Basi akasoma Harvard, mamake akafariki 1951, akachukua urithi wake akaja Tanganyika, akanunua shamba, akawa mwindaji wa kulipwa anayepeleka matajiri porini. Januari 1954 ndege ya babake ikaanguka Uganda, na ya pili iliyokuja kuwatoa ikashika moto, magazeti kote yakatangaza Hemingway amekufa, na ni Patrick huyu huyu aliyetoka Tanganyika kumfuata.

Najua kuna watu watasema mwindaji wa nini kusifiwa, ndovu wetu waliisha kwa ajili ya hao hao. Mimi pia uwindaji siupendi. Lakini mkewe alipougua aliacha biashara ya safari, na chuo cha wanyamapori cha Mweka kilipofunguliwa 1963 huko chini ya Kilimanjaro, akaenda kufundisha, akakaa kama miaka 12 hivi. Chuo kile kilianzishwa ili Waafrika wenyewe washike mbuga zao baada ya uhuru, badala ya wazungu kuendelea kutuamulia, na wanafunzi walitoka nchi nyingi, Kenya ikiwemo. Hiyo kazi mimi naiona kubwa kuliko samaki wote waliovuliwa hapa Malindi, na aliifanya bila kuandika kitabu cha kujisifu. Kitabu alichohangaika nacho kilikuwa cha babake, ule mswada wa Afrika ulioachwa bila kukamilika, akaupunguza karibu nusu ukatoka 1999.

Kwa hivyo ombi langu mhariri, tuma mwandishi afike Mweka, na atafute pia wazee wa Kenya waliokaa kwenye darasa lake miaka ile ya sitini na sabini, wengine wamestaafu wako majumbani tu na hakuna anayewauliza chochote. Wao ndio watatuambia alikuwa mwalimu wa aina gani. Mkiichapisha nitainunua, na wageni wangu nitawasimulia.

Mtembeza wageni,
Malindi