Barua ya wazi kwa mabondia wanaoanza ngumi za kulipwa

Wanangu,

Nawasikia mkibishana mkanda upi una hadhi kuliko mwingine. Ulizeni kwanza nani anashika fedha zenu na nani anaamua pambano. Usimamizi wa ngumi ulianzia hapo. Mikanda ilikuja baadaye sana.

Mwaka 1743, London, bondia bingwa Jack Broughton alitunga kanuni saba za ngumi. Alikataza kumpiga aliyeanguka na kumkamata mtu chini ya kiuno, na hizo ndizo zinazotajwa kila mara. Mimi nawaomba mtazame nyingine mbili. Katika mapambano madogo mshindi alichukua theluthi mbili ya fedha zilizotolewa, na mgao ulifanyika jukwaani, hadharani, hata kama pembeni kulikuwa na makubaliano mengine. Waamuzi wawili walichaguliwa na mabondia wenyewe kutoka kwa waungwana waliohudhuria, na wakishindwa kuafikiana waliteua wa tatu. Basi mgao wako uandikwe kwenye mkataba kwa tarakimu na kwa maneno: siku ya kulipwa, makato ya meneja, na nani anagharimia vipimo vya afya. Ahadi ya mdomoni baada ya pambano haina wa kuisimamia.

Enzi hizo raundi haikuhesabiwa kwa saa. Iliisha mtu akianguka. Ndiyo maana mabondia wa Marekani Sullivan na Kilrain, wakipigana mikono mitupu kwa kanuni za zamani huko Mississippi mwaka 1889, walifika raundi 75. Kanuni za Queensberry za 1867, zilizoandikwa na John Graham Chambers, zilikuwa zimeshaweka dakika 3 za kupigana, 1 ya kupumzika, sekunde 10 za kuinuka, na glovu. Glovu ikipasuka ilibidi ibadilishwe hadi mwamuzi aridhike. Lakini glovu inaulinda mkono wa mpigaji kuliko ubongo wa anayepigwa, kwa kuwa mtu hurusha ngumi kichwani bila hofu ya kuvunja vidole. Kagua glovu za mpinzani wako kabla hajazivaa: sufi ikiwa imesogezwa kutoka kwenye vifundo, zikatae.

Jimbo la New York, Marekani, lina funzo kubwa zaidi. Chini ya sheria yake ya ngumi iitwayo Sheria ya Frawley, 1911 hadi 1917, pambano la raundi 10 likifika mwisho halikutangaziwa mshindi. Wacheza kamari wakalipana kwa kufuata uamuzi wa magazeti, na bingwa hakuweza kupoteza taji kwa pointi. Sheria ya Walker ya 1920 ikaleta leseni kwa bondia, meneja, refa na majaji, daktari ukumbini, na kikomo cha raundi 15. Mwaka uliofuata majimbo mengine yakaunda chama chao cha ngumi, NBA (National Boxing Association), New York ikabaki nje, na kuna nyakati uzito mmoja ulikuwa na mabingwa wawili. NBA hiyo ndiyo WBA (World Boxing Association) tangu 1962. Chama kingine cha ubingwa, WBC (World Boxing Council), kikazaliwa Mexico 1963. Mgawanyiko wa mikanda mnaoulalamikia una umri wa miaka mia.

Kwa hiyo promota akikuletea pambano la ubingwa, mwombe majina ya refa, majaji watatu na daktari kabla ya siku ya kupima uzito. Akishindwa kuyatoa, usisaini.

Mzee wenu