Kijiji cha Makumbusho kihifadhi pia ufundi wa ujenzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala kuhusu namna makumbusho zetu zinavyohifadhi utamaduni wa asili, nikitolea mfano Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1967, ambako tembe la Wagogo (nyumba ya paa bapa la udongo) na nyumba ya msonge ya Wahaya (ya duara, iliyoezekwa nyasi) zipo pamoja na nyumba za makabila mengine.

Nyumba hizo, tofauti na ngao iliyowekwa kabatini, hazidumu kwa kufungiwa: nyasi huoza, fito huliwa na mchwa na udongo humomonyoka kila masika, hivyo hulazimika kujengwa upya na mtu anayejua ni nyasi zipi zikatwe, lini, na uezekaji uanzie wapi. Kwa maoni yangu, ujuzi huo ndio hazina yenyewe, nao umo mikononi mwa wazee ambao wajukuu wao huezeka bati (wala siwalaumu).

Nashauri kila ukarabati ufanywe hadharani, wazee walipwe kama mafundi, vijana wa vyuo vya ufundi washirikishwe na hatua zote zirekodiwe kwa video. Wanafunzi wanaoletwa kwa mabasi kutazama nyumba zilizokwisha kujengwa watajifunza mengi zaidi wakimkuta fundi kazini.

Msomaji,
Dar es Salaam