Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Stoo Yetu na Mafuriko ya Kyela

Ndugu wanachama,

Nawashukuru kwa kufika, hasa mliotoka Ipinda na Kasumulu, maana njia mnazijua zilivyo. Wenzetu tuliowazika mwaka huu tumeshawasimamia dakika moja asubuhi, na majina yao katibu ameyaandika kwenye kitabu.

Kwa kawaida taarifa ya mwenyekiti wa chama cha kuzikana huwa fupi. Nasema tumezika nani, majeneza yamefika bei gani, viti vingapi vimevunjika na nani anadaiwa ada, halafu tunakwenda kula. Mwaka huu siwezi kupita haraka hivyo. Mafuriko ya mwezi wa nne yalitutoa kwenye kazi tuliyoizoea, na najua kuna wanachama wana dukuduku na mimi. Wachache walinifuata nyumbani, wengi wamelisemea sokoni na kwenye mashine za kukoboa. Hoja yenyewe ni hii: vyombo vya chama vilinunuliwa kwa ada za wanachama, kwa ajili ya misiba ya wanachama, na mwenyekiti akavitoa kwa watu ambao hawajawahi kuchanga hata shilingi. Ni kweli, nilivitoa. Nitaeleza ilivyokuwa, kisha mkutano uamue.

Sisi wa Kyela mafuriko hatuyashangai. Tuko kama mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, na Mlima Rungwe ulio nyuma yetu unakaribia mita 3,000. Maji mengi ya Rungwe, ya Poroto na ya safu za Livingstone njia yake ni kwetu, kuelekea Ziwa Nyasa, kwa mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Mto Songwe wa mpakani ndio usiseme, umehama mkondo mara nyingi mpaka mtu analala shamba liko huku, anaamka liko Malawi. Kwa hiyo mtu wa Tukuyu akinyeshewa jioni, sisi tunaloa alfajiri bila tone kudondoka. Ndivyo ilivyokuwa usiku ule. Kwetu mvua ilishakatika, nyota zilikuwa zinaonekana, watu wakalala bila wasiwasi.

Mimi niliamshwa na kuku. Walikuwa wanapiga kelele juu ya kichanja, nikadhani ni kicheche. Nikashusha mguu kutafuta ndara, nikakanyaga maji. Ndara zenyewe zilikuwa zimeshafika mlangoni, zinaelea pamoja na mfuniko wa sufuria.

Stoo yetu, kama mnavyojua, ina kufuli mbili, moja funguo yake ninayo mimi na nyingine anayo mweka hazina. Tulikubaliana hivyo ili chombo kisitoke kwa uamuzi wa mtu mmoja, na utaratibu huo niliupigia debe mimi mwenyewe. Usiku ule mweka hazina alikuwa Mbeya na mgonjwa wake. Nilimpigia mara tatu, simu haikupatikana. Watu walikuwa wanapita barabarani maji yakiwa kiunoni, watoto wamewabeba mabegani, wanaelekea shule ya msingi kwa sababu iko juu kidogo. Nikafungua kufuli langu. La mweka hazina nililivunja kwa nyundo. Vijana wanne walinisaidia kutoa maturubai yote, sufuria mbili kubwa, mapipa ya maji, mikeka na zile taa za sola. Viti tuliviacha. Nilitoa pia sanda, na hilo limesemwa sana, kwa hiyo nalisema hapa: zilikuwa jora mbili za bafta, tukawakatia akina mama wenye vichanga waliofika hawana hata kanga kavu. Kuna mama alikataa. Alisema mtoto wake hatamvika nguo ya maiti, na sikumlaumu.

Mpaka kunapambazuka tulikuwa tunapika uji pale shuleni. Hapo ndipo nilipoona chama cha kuzikana kina kitu ambacho ofisi nyingi hazina: akina mama wetu wanajua kupikia watu mia tatu bila taarifa. Hawakuhitaji semina. Mmoja akashika unga, mwingine maji, mwingine akasimama kwenye foleni na mwiko mkononi, na mnajua nani huyo, hata mwenyekiti huwa anamwogopa. Kilichokosekana ni moto. Kuni zote zilikuwa zimelowa. Kijana mmoja fundi mashine akakumbuka pumba. Alichukua madebe, akatoboa tundu chini ubavuni, akasimamisha chupa katikati, akashindilia pumba za mpunga pembeni mpaka juu, kisha akaichomoa chupa taratibu. Ukiwasha kwa chini, jiko hilo linawaka saa kadhaa, halitaki kuchochewa wala kupulizwa. Mashine za kukoboa ziko kila kona mjini na pumba huwa tunazitupa. Siku tisa tulipikia pumba. Wapishi wetu wote, ndaga fijo, asanteni sana.

Sasa nieleze makosa yangu, maana na yenyewe yapo. Siku ya kwanza na ya pili nilijiona mwenye kituo. Sikwenda kwa mtendaji wa kata, sikuuliza kamati ya maafa inakutana wapi. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati tangu taifa na mkoa mpaka kata na kijiji, na ile ya wilaya inaongozwa na Mkuu wa Wilaya. Mimi niliijua kwa kuisikia redioni. Matokeo yake ni kwamba maroli ya misaada yakitokea upande wa Tukuyu yalikuwa yanaona moshi wetu kutoka barabarani, yanakata kona, yanashusha kwetu. Tukawa na magunia ya unga mpaka darasani, na wenzetu waliokwama ng'ambo ya mto wanachoma ndizi mbichi. Hatukuwanyima. Hatukujua kama wapo. Siku ya tatu ndipo nilipoingia kwenye kikao cha kamati, kinachoanza saa 1 asubuhi, na kwa mara ya kwanza nikaiona ramani ya vituo vyote kwenye karatasi moja. Mchana huohuo nusu ya unga wetu ilivuka kwa mitumbwi.

Afisa afya naye alitushusha mabega. Tulikuwa tunajisifu kwa chakula, yeye akaomba kuonyeshwa vyoo. Akasema kipimo kinachofuatwa duniani ni lita 15 za maji kwa mtu mmoja kwa siku, za kunywa, kupika na kuoga, na choo kimoja kwa watu 20. Kwa siku za mwanzo za dharura, angalau kimoja kwa watu 50. Tulipopiga hesabu ya matundu ya shule tukanyamaza. Vijana wakaanza kuchimba, lakini ardhi yetu mnaijua, hasa baada ya mafuriko: ukifika kiunoni unakutana na maji. Ikabidi tuinue vyoo juu, tukapanga magunia ya mchanga kuzunguka na kushindilia udongo katikati kama tuta la viazi. Visima vyote vya karibu vilihesabiwa kuwa vimechafuka. Kila ndoo ya lita 20 iliwekwa kidonge kimoja cha kutibu maji na kusubiriwa nusu saa kabla mtu hajachota. Wazee walilalamikia harufu ya dawa. Mwanafunzi wa darasa la sita tuliyempa saa na filimbi ndiye aliyekuwa mkali kuliko sote: hajapuliza, huchoti. Kituoni kwetu hakuna aliyeugua kipindupindu.

Kuhusu misaada ya nguo nitasema machache. Ndugu zetu wa Makete walijaza fuso zima: viazi mviringo, mahindi, na marobota ya masweta na makoti mazito. Viazi vilituokoa. Makoti yaliwachekesha watu, Kyela na joto hili, ingawa usiku wa mvua watoto walilala ndani yake mawili mawili. Kuna robota lingine, sisemi lilitoka wapi, lilikuwa na viatu vya visigino virefu vya mguu mmoja mmoja. Tulichohitaji ni ndoo zenye mfuniko, pedi, sabuni na sufuria za kawaida za kaya, kwa sababu mtu akirudi nyumbani anarudi kwenye tope, hana hata cha kuchemshia chai. Tulipoanza kuandika mahitaji kila jioni na kuyapeleka kwenye kamati, mambo yakabadilika. Wiki nzima kabla ya hapo tulikuwa tunashukuru tu kila kinachokuja.

Fedha zilizoingia kwa simu mtazisikia kwa mweka hazina. Mimi nitaje moja tu: kulikuwa na namba isiyo yetu iliyosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp kwa jina la chama. Tuliripoti polisi na kuwatangazia watu, ila waliokwisha kutuma hawakurudishiwa. Kama tungebandika namba yetu kwenye ubao wa kata tangu siku ya kwanza, mtu angekuwa na mahali pa kulinganisha.

Jambo lililoninyima usingizi kuliko hata kufuli ni orodha. Zilikuwepo tatu: ya mwenyekiti wa kitongoji, ya kanisa, na yetu. Zote ziliandikwa kwa nyumba. Anasimama mwenye nyumba, anataja watu 11, anaandikwa kaya moja, anachukua mgao. Siku ya nne jioni nikamwona mama mmoja muuza vitumbua amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amemshika mtoto mkono, na kibao cha kuandikia namba ya mgao kiko mbele yake kitupu. Nikamuuliza mbona hajachukua. Akasema hajaandikwa. Nikamwambia haiwezekani, mtaa wake wote umeandikwa. Akanijibu kwa utaratibu sana, "Baba, mimi ni mpangaji. Nimo kwenye wale 11." Siku zote nne alikuwa anakula kile anachobakishiwa.

Usiku ule mimi, katibu na mjumbe mmoja tulikaa na daftari jipya la kaunta buku na tochi ya simu, tukazunguka darasa kwa darasa. Hatukuuliza nyumba ya nani. Tuliuliza: nyumbani kwako chungu anapika nani? Anayepika chungu chake ni kaya. Wapangaji wakajitokeza, wajane wanaoishi uani kwa shemeji, vijana wa pikipiki waliopanga chumba kimoja watatu. Orodha iliongezeka sana, na asubuhi kuna wenye nyumba walininunia, wengine mpaka leo hatusalimiani vizuri. Tulipoipeleka kwenye kamati, mtendaji alisoma kurasa mbili, akaomba nakala, na vituo vingine vikaanza kuuliza swali lile la chungu.

Maji yalipokauka misaada ilipungua, na hapo ndipo njaa ilipoanza. Mpunga ulikuwa umeanza kutoa suke. Uliolala chini ya tope haukuamka. Tulichonacho tukanunulia mbegu za kunde, mahindi ya muda mfupi na marando ya viazi vitamu, vipandwe kwenye unyevu uliobaki. Hili lilitakiwa kuanza wiki mbili kabla. Tulichelewa kwa sababu tulibishana kama kuwanunulia mbegu wasio wanachama ni kazi ya chama.

Nakuja kwenye lililowauma wengi, na mimi nikiwemo. Mwezi wa sita tulifiwa na mwanachama wa siku nyingi, mlipaji mzuri, na stoo haikuwa na kitu. Sufuria moja ilikuwa imepasuka kitako, maturubai manne hayajarudi, sanda zimekwisha. Tukaenda kuazima Ipinda. Familia ilikaa msibani na jua la saa sita mpaka turubai la watu lilipofika. Mtoto wa marehemu hakunisemesha neno. Alinitazama tu nilipokuwa nafunga kamba. Nimekwenda kwao mara mbili kuomba radhi, nikapokelewa, na leo nawaomba radhi mbele ya mkutano.

Kwa hiyo mkiniuliza kama ningevunja kufuli tena, nasema ningevunja. Mkiniuliza kama nilikuwa na haki ya kukaa miezi miwili bila kuvirudisha vyombo wala kuitisha kikao cha kununua vingine, sikuwa nayo. Hayo mawili msiyachanganye mtakapokuwa mnapiga kura.

Kamati tendaji inaleta mapendekezo. La kwanza, maturubai sita na sufuria moja vitengwe na kupakwa rangi nyekundu, visitoke stoo ila kwa msiba wa mwanachama, hata mwenyekiti alie. La pili, funguo ya tatu akabidhiwe mtu anayekaa karibu na stoo. La tatu, daftari la vyungu liandikwe upya kila mwezi wa kumi, kabla mvua za msimu hazijaanza, na nakala ipelekwe kwa mtendaji. La nne limeletwa na wanachama wenyewe, kwamba mwenyekiti alipe kufuli. Nimeshalipa, risiti iko kwa mweka hazina.

Mama wa vitumbua amejiunga na chama mwezi wa nane. Ameomba alipe ada kidogo kidogo na katibu amekubali.

Jumamosi ijayo saa 3 asubuhi tutafungua stoo kuhesabu vyombo, mje wengi. Mwenye turubai letu nyumbani alilete siku hiyo, hata kama limechanika. Hataulizwa chochote.

Mwenyekiti