Sitakuachia bahasha: barua kwa binti yangu kuhusu shamba

Mwanangu mpenzi,

Kamwene. Ujumbe wako nimeupata, nikausoma, nikaurudia usiku baada ya kufungia kuku. Unasema kazi imekuchosha, foleni ya Dar imekuchosha, na kila ukifika nyumbani ukafungua lile gemu lako la shamba, Stardew Valley, unajiuliza kwa nini usiache yote ukarudi Njombe kulima. Hili si jambo la kujibiwa kwa simu wakati umesimama ndani ya daladala. Nimeona nikuandikie, usome taratibu, na palipo na ubishi unioneshe mstari.

Nianze na gemu lenyewe, maana sitaki udhani nalidharau. Tangu ulipokuja Krismasi ukanikalisha pembeni yako ukinitafsiria, kwa kuwa Kiswahili halina, nimelifuatilia. Binamu yako analo kwenye simu, huwa namwomba acheze nikiangalia. Nimesoma pia habari za waliolianzisha.

Kuna Mjapani anaitwa Yasuhiro Wada. Alikulia mashambani katika kisiwa cha Kyushu, akahamia Tokyo kutafuta kazi, na baada ya kukaa mjini ndipo akaanza kuthamini alikotoka. Hamu hiyo ilimfanya abuni mchezo wa kulima, kufuga na kuishi na majirani. Ulitoka Japani mwaka 1996, ukafika Marekani mwaka uliofuata kwa jina la Harvest Moon. Wakati huo michezo mingi ilikuwa ya kupigana na kukimbizana. Yeye akaweka ng'ombe wa kukamua. Kijana mmoja wa huko Marekani, Eric Barone, aliucheza utotoni. Alipomaliza chuo mwaka 2011 na kazi zikawa ngumu kupatikana, akaanza kutengeneza mchezo wake mwenyewe huko Seattle. Picha alichora yeye, muziki alitunga yeye, programu aliandika yeye, kwa zaidi ya miaka minne. Kwa muda alikuwa akiwaonyesha watu viti vyao kwenye ukumbi wa maonyesho ili apate chochote, na mchumba wake ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya gharama za nyumba. Gemu lilitoka tarehe 26 Februari 2016, na kufikia mwisho wa 2024 lilikuwa limeuzwa zaidi ya nakala milioni 40. Nami nikisikia habari hizo namkumbuka sana yule mchumba. Nyuma ya shamba lile zuri kulikuwa na mtu anayelipa kodi ya nyumba kila mwezi.

Ninachotaka uone ni kwamba mbegu ya mchezo huu ni kijiji kinachokumbukwa na mtu aliye mbali nacho. Ndiyo maana unakugusa hivyo ukiwa kwenye kile chumba chako cha Sinza. Hamu ile ni ya kweli kabisa. Ila hamu huchagua cha kukumbuka.

Watu wamekumbukwa vizuri, na hapo ndipo mchezo ulipoupata moyo wangu. Ukipita siku bila kumsalimia mtu, urafiki wenu unapungua kidogo. Nani aliwaambia hilo? Huku kwetu ukimpita mtu njiani bila salamu, kesho yake habari zimeshafika kwa shangazi. Zawadi nazo huwezi kumrundikia mtu ili akupende upesi: ni mbili tu kwa wiki, na lazima ujue anachopenda, kwa sababu kinachomfurahisha mmoja kinamuudhi mwingine. Nilimpenda yule Linus anayeishi kwenye hema juu ya mji, ambaye hataki kuhurumiwa, anataka kuachwa aishi anavyoishi. Nikampenda na mzee George wa kwenye kiti cha magurudumu. Binti Penny alipomsogeza ili afikie barua yake, mzee akakasirika. Wewe ulitaka kumtetea Penny, nami nikakwambia msikilize kwanza mzee. Mtu aliyezoea kujitegemea anaumia kusaidiwa kabla hajaomba. Bibi yako alikuwa hivyohivyo miaka yake ya mwisho, na wewe hukuwepo kuona.

Na yule Shane. Anafanya kazi supamaketi, anakunywa kila jioni, na siku moja unamkuta amelala ukingoni mwa genge kwenye mvua, maisha hayatamani tena. Mkulima anakaa naye, anaongea naye, anampeleka kwa daktari. Hapo nilikuona umenyamaza. Nilijua unamfikiria nani kati ya vijana wa hapa, nami nilikuwa namfikiria huyohuyo. Mchezo unaoweza kumfanya binti wa miaka yako anyamaze hivyo kwa ajili ya mlevi, mimi siwezi kuuita upuuzi.

Tena kuna lile jumba la kijiji lililobomoka. Mkulima anaweza kununua uanachama wa kampuni ya Joja kwa 5,000, kila kitu kikatengenezwa kwa fedha, au akajaza vile vifurushi kimoja kimoja kwa mazao, samaki na matunda ya porini mpaka jumba lisimame. Ulichagua njia ndefu. Nilifurahi.

Sasa shamba lenyewe. Viazi vya humo vinakomaa kwa siku sita. Mavuno unayatia kwenye sanduku kando ya nyumba, unalala, asubuhi hela ipo na bei ni ileile ya jana. Televisheni inasema kesho mvua, na mvua inanyesha kweli. Kunguru wapo, lakini sanamu moja ya kutishia ndege inatosha kulinda eneo lake. Msimu una siku 28, unajua tarehe ambayo kila kitu kitakauka, unajipanga.

Viazi vyetu vinakaa ardhini miezi mitatu na zaidi, na katika miezi hiyo silali vizuri. Mvua zikiendelea bila jua kuna ukungu unaobabua majani, shamba likaonekana kama limepitiwa na moto, na dawa ya kupulizia ni gharama juu ya gharama. Mwaka 2017 walikuja viwavijeshi vamizi, wadudu ambao hata wazee hawakuwahi kuwaona kwenye mahindi yao. Juni na Julai sakitu, ile baridi inayogandisha umande, inaweza kuunguza bustani nzima ya bondeni kwa usiku mmoja. Haya yote nayaweza. Kinachonikata maini ni siku ya kuuza. Viazi vimeshachimbwa, haviwezi kurudi ardhini, na dalali anasimama na lori akisema hachukui gunia lisilofungwa lumbesa, yaani lililojazwa kupita kipimo mpaka likavaa kilemba juu. Sheria inakataza, yeye anajua, mimi najua. Lakini jua linawaka, viazi vitageuka kijani, na ada ya mtoto wa mtu inasubiri hapo. Miaka yote uliyosoma, ulisomea kwenye kile kilemba cha juu ya gunia ambacho hakuna aliyetulipa.

Sikwambii haya ili uogope. Nakwambia kwa sababu ulisema unataka kuja kupumzika na kulima. Mwanangu, hayo ni mambo mawili. Ukichoka, njoo upumzike. Chumba chako kipo, hakuna atakayekuuliza umekuja kufanya nini. Kulima ni kazi inayotaka mtu aliyelala, aliyekula, mwenye akiba ya kula mpaka mavuno, na mwenye hasira kidogo ya kukaa sokoni asionewe.

Nifike sasa kwenye kilichonifanya nishike kalamu. Unakumbuka gemu linavyoanza. Babu yuko kitandani anakufa, anampa mjukuu bahasha iliyofungwa, anamwambia asiifungue sasa, aifungue siku atakapolemewa na maisha. Miaka inapita, mjukuu amekaa kwenye dawati la Joja, anafungua, kumbe ameachiwa shamba. Ulisema ni mwanzo mzuri kuliko yote uliyowahi kuona. Mimi ulinitia baridi.

Babu yako naye alikuwa na shamba, na naye hakusema neno mpaka akafa. Hakuacha hata bahasha. Baada ya matanga wazee wa ukoo wakakaa, kila mmoja akakumbuka alivyoahidiwa, na baba zako wadogo wakapita msimu mzima bila kusalimiana kwa ajili ya mstari wa miti ya miwati mpakani ambao aliyeupanda alishasahaulika. Baba yako alipopata sehemu yake alikuwa ameshapoteza ndugu. Na nilipofiwa naye, kuna mtu wa karibu aliyeniuliza mbele za watu kwamba shamba nalilimia nani, wakati mtoto wangu ni wa kike na ataolewa. Wewe ulikuwa jikoni unachemsha chai ya waombolezaji. Sijui kama ulisikia.

Kwenye gemu unachagua mwenyewe uwe mwanamume au mwanamke, na barua ya babu haibadiliki. Hapo wamefanya vizuri. Nasi tunayo sheria inayosema hivyo: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata ardhi ya kijiji, kuimiliki na kuitumia. Lakini sheria hailimi wala haisimami mpakani kubishana. Inahitaji mtu aliye hai aseme mbele ya watu, hili ni la fulani. Kwa hiyo nimeanza. Nimeongea na mwenyekiti wa kijiji kuhusu hatimiliki ya kimila. Nataka mipaka ihakikiwe majirani wote wakiwepo, na jina lako liandikwe pamoja na langu, wakati bado naweza kutembea mpaka kule chini mtoni na kuonyesha jiwe kwa kidole changu.

Jina lako litaandikwa urudi au usirudi. Hilo nataka ulielewe vizuri sana. Ukibaki Dar, ukaenda hata nje ya nchi, ni lako. Ukitaka kulikodisha, tutatafuta mtu mwaminifu. Shamba halitakuwa kamba ya kukuvutia nyumbani.

Mwaka wa tatu wa gemu, siku ya kwanza ya masika, roho ya yule babu inarudi kumpima mjukuu. Anahesabu fedha alizopata, ujuzi wake, marafiki zake, kama ameoa au ameolewa. Akiridhika, inawaka mishumaa minne. Asiporidhika, inawaka michache, na mkulima anaweza kuweka almasi ili apimwe upya. Nilikuona ukihangaikia ile mishumaa kuliko kitu kingine chochote. Mwanangu, mimi sikupimi. Sihesabu mshahara wako na sihesabu ndoa yako, hata shangazi zako wakiongea vipi Krismasi. Kama kuna sehemu ya moyo wako inayotaka kurudi ili kunithibitishia kitu, itue mzigo huo. Ulishanitosha zamani.

Kitu kingine nilikigundua mwenyewe, nikamuuliza binamu yako akakubali. Humo watu hawazeeki. Mkulima anaoa, anapata watoto, watoto wanatambaa, wanatembea, basi, wanabaki wadogo milele. Mchezo unaanza na mtu kurithishwa shamba, lakini mchezaji hafiki siku ambayo yeye ndiye wa kurithisha. Hajui babu aliwaza nini akiandika ile barua. Mimi niko upande huo sasa, na naweza kukwambia kinachowazwa huku. Nawaza kama nakupa mali au nakupa mzigo. Nawaza kama nimekufundisha vya kutosha, kwa kuwa miaka yote nilikusukuma usome ili usishike jembe. Nawaza nani atajua kwamba ile kona ya juu haishiki maji.

Nakuomba basi ufanye hivi. Usiache kazi mwaka huu. Chukua likizo yako mvua zikianza Novemba, uje tupande pamoja. Lete ule uhasibu wako: tukae na daftari langu tuandike kila senti ya ekari moja ya viazi, mbegu, mbolea, dawa, vibarua, magunia, ili ujue kinachobaki. Parachichi za juu zimeanza kuzaa. Hizo ningependa uzichukue wewe uzisimamie hata ukiwa huko, ujifunze wanunuzi wanavyoongea. Kikundi chetu cha wakulima kinahitaji mtu wa kutupangia hesabu zetu, na mtu huyo si lazima awe ameshika jembe. Baada ya misimu miwili utakuwa na jibu lako mwenyewe, la mtu aliyeona, na vyovyote litakavyokuwa nitalipokea.

Gemu endelea kucheza. Yule kijana wa kijijini tuliyemfikiria wote wawili amerudi kwao, bado anakunywa lakini amepungua. Nikimpelekea maziwa huwa anauliza habari zako. Mpigie simu, namba yake anayo binamu yako.

Nijibu kabla ya mwisho wa mwezi, maana mwenyekiti anataka nakala ya kitambulisho chako na mimi sinayo. Itume hata leo.

Ni mimi mama yako,
Njombe