Umm Kulthum alikuwa pia mwigizaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu makala yenu juu ya Umm Kulthum, mwimbaji mashuhuri wa Misri, ambayo ilieleza vizuri nyimbo zake na yale matamasha ya Alhamisi ya kwanza ya mwezi yaliyorushwa na redio kutoka Cairo, lakini ikazipita filamu zake kwa sentensi moja, kana kwamba zilikuwa kazi ya kupitishia muda.

Kati ya mwaka 1936 na 1947 alicheza filamu sita, zote akiwa mhusika mkuu. Katika ya kwanza, Widad, ni kijakazi mwimbaji anayemwomba bwana wake amuuze ili bwana huyo anusurike na ufukara. Katika Sallama ya 1945 ni kijakazi mwimbaji tena, na ipo sehemu anaposoma aya za Kurani. Hapo ndipo anaposikika yule binti wa imamu wa kijiji cha delta ya Nile, ambaye baba yake alimvalisha mavazi ya kiume ili aimbe mbele ya watu bila kusemwa.

Nakubali kwamba uso wake haukuwa mwepesi mbele ya kamera, na kwenye mazungumzo ya kawaida huonekana mkavu mpaka wimbo uanze. Hata hivyo Fatma, filamu yake ya mwisho, inanizuia kumwita mwimbaji aliyeazimwa tu na sinema. Humo ni muuguzi anayeolewa na ndugu wa pasha (mtu wa cheo kikubwa) kwa hati ya ndoa isiyosajiliwa, kisha anatelekezwa pamoja na mtoto wake, naye anakwenda mahakamani kudai haki huku watu wa mtaa wake wa kimaskini wakiwa nyuma yake. Kwa mwaka 1947 hilo halikuwa jambo dogo kuonyeshwa, tena na msanii aliyealikwa hadi ikulu ya mfalme.

Maradhi, hasa ya macho yasiyostahimili taa kali za studio, yalichangia kumtoa kwenye sinema. Na ile miwani myeusi ya picha za uzeeni, ambayo makala yenu iliitaja kama pambo, inahusiana na maradhi hayohayo.

Ikiwa mtamwandika tena Februari 3, siku aliyofariki mwaka 1975, naomba filamu hizo zipewe japo nusu ukurasa.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi